Maswali na Majibu: EZH2, histoni na saratani

Nimesoma kwamba EZH2 huleta saratani, kwingine kwamba huizuia. Nishike lipi?

Yote mawili, kutegemea saratani. EZH2 ni kimeng'enya kinachobandika methili (kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni) kwenye laisini ya 27, asidi amino mojawapo ya histoni H3, protini ambayo DNA huzungushiwa. Alama hiyo huzima jeni. Katika limfoma ya folikula, saratani ya seli B (aina ya seli nyeupe za damu), takriban mgonjwa 1 kati ya 5 ana badiliko la EZH2, mara nyingi kwenye asidi amino yake ya 641, tairosini, linalozidisha ubandikaji. Seli B hazikomai, zinabaki kugawanyika tu. Lakini katika baadhi ya saratani za uboho na lukemia ya seli T, EZH2 imeharibika, na pengo hilo ndilo huchochea ugonjwa. Kwa hiyo haishangazi kwamba tazemetostat, dawa inayozuia EZH2 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ilitolewa na onyo la kuzuka kwa saratani nyingine za damu.

Ripoti ikiandika tu "EZH2 ina badiliko", haijakwambia kitu. Uliza ni badiliko gani, na linaongeza kazi ya kimeng'enya au linaipunguza.

Ripoti ya uvimbe wa ubongo wa mwanangu inasema H3 K27M. Ndiyo hiyo EZH2?

Pole sana. Hapana, hapo EZH2 ni nzima. Histoni yenyewe ndiyo iliyobadilika: laisini (K) ya 27 imekuwa methionini (M), asidi amino nyingine, nayo hukikwamisha kimeng'enya hata methili zikapungua mno kwenye histoni zisizo na kasoro. Mwanapatholojia hutumia rangi mbili: ya K27M ishike, ya alama ya methili tatu kwenye laisini ya 27 ipotee kwenye seli za uvimbe. Atazame pia mishipa ya damu katika kipande hichohicho. Seli zake zisiposhika rangi ya methili, kipimo ndicho kibovu, kirudiwe.

Na KMT2A kwenye lukemia ya watoto wachanga?

Jeni hiyo ya kromosomu 11 hukatika na kuungwa na jeni nyingine. Protini inayozaliwa haina tena sehemu ya kubandika methili, ila bado hushikamana na protini nyingine iitwayo menin, na jeni ambazo zingepaswa kuzimwa hubaki zimewaka. Revumenib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa wagonjwa wa kuanzia mwaka 1, huvunja mshikamano huo.

Kuna chakula cha kurekebisha methili hizi?

Hakuna. Na anayetibiwa kwa methotrexate, dawa ya saratani, asimeze vidonge vya asidi ya foliki kwa nia ya kurekebisha methili bila idhini ya daktari wake. Vinaweza kuipunguzia dawa nguvu.