Mume kageuka siku moja kabla ya kusaini mgawanyo wa mali

Tulikaa vikao vitano. Vitano! Kwa mzee mmoja mwanasheria mstaafu ambaye wote wawili tunamheshimu, tukakubaliana nyumba ya Chanika nibaki nayo mimi na watoto, yeye achukue kiwanja cha Kibaha na gari, ada tuchangie. Tulikuwa tusaini Ijumaa. Alhamisi saa nne usiku meseji ikaingia: "nimeongea na ndugu zangu, sisaini". Basi.

Sasa dada yangu unayepitia hili, mi nilishakosea hata kabla ya hiyo meseji. Nilikuwa nimehama. Nikajiona mwenye nyumba tayari, nikaenda kwa dada Tabata ili nimpishe afungashe vitu vyake kwa amani, na funguo nikamwachia. Usimpishe mtu kwa makubaliano ya mdomo jamani.

Halafu nikapoteza miezi kumbembeleza. Shemeji huku, mama mkwe kule, kesho keshokutwa, na muda wote huo Fomu Namba 3, yaani cheti cha baraza la usuluhishi la kata kwamba limeshindwa kutupatanisha, imelala kwenye pochi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka cheti cha baraza kiwe hakijazidi miezi sita siku unayofungua shauri la talaka, changu kilikuwa na saba. Nikarudi baraza kuanza upya, akaitwa hakutokea, wakanipa kingine.

Na kumbe sikuwa na haja ya kumbembeleza. Kugeuka kwake hakuzuii talaka, mahakama inaangalia kama ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, na mali inagawa yenyewe ikipima nani alichangia nini. Baraza haligawi mali, wengi tunachanganya hapo. Usiogope pia ukiambiwa "wewe ulikuwa mama wa nyumbani tu", kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango (ingawa yeye mwenyewe hakuambulia kitu, ilionekana hela aliyopewa na mume aliifuja, so na wewe tunza hesabu).

Kilichonisaidia ni makaratasi. Usitegemee kwenda kumwambia hakimu "kwenye kikao alikubali", maneno ya usuluhishi kwa kawaida yanabaki hukohuko. Mi nilibeba risiti za bati na nondo, mkataba wa kiwanja, miamala ya simu niliyokuwa namlipa fundi. Na nyumba ya familia hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako, kwa hiyo kama ina hati nenda ardhi kaweke zuio mapema. Yetu haina hati, nikaandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa nikabaki na nakala yenye muhuri.

Alipopata samansi tu, ghafla anataka tuongee. Safari hii nikaongea mbele ya wakili, nikamwachia na pikipiki ambayo mwanzo ilikuwa yangu, nikasema tusaini leo leo na karatasi iende mahakamani iwe amri. Printa ya ofisini ikagoma. Nikamwacha amekaa na wakili, nikakimbia mwenyewe steshenari ya jirani na flashi mkononi.