Mwanangu amekuwa akilala na begi la shule kifuani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimeolewa ndoa ya bomani hapa Morogoro kwa miaka 11. Mwaka jana mume wangu alihamia kwa mwanamke mwingine, na kila mwisho wa mwezi huja kugomba na kunikumbusha kuwa nyumba ni yake kwa sababu sijawahi kuajiriwa. Usiku mmoja alitupa nguo zetu nje. Tangu siku hiyo mwanangu wa miaka 9 hulala na begi la shule kifuani, daftari zote zikiwa ndani. Nataka talaka, lakini mama ananiambia nivumilie kwa ajili yake na mdogo wake wa miaka 4. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimekwama kwenye begi hilo. Mama yako ana nia njema, nawe usimvunjie heshima, lakini mtoto anayelala amejiandaa kufukuzwa tayari anaumia ndani ya ndoa hiyo unayoambiwa uihifadhi kwa ajili yake.

Kwa kuwa umeamua, ifuate njia ya sheria tangu mwanzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakutaka, kabla ya kufungua shauri, upeleke mgogoro wenu mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la taasisi ya dini. Baraza likishindwa kuwapatanisha litakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na ukienda Mahakama ya Mwanzo bila hati hiyo, kwa kawaida utarudishwa ulikotoka. Mahakama itaangalia kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na miongoni mwa mambo yanayozingatiwa ni ugoni unaoendelea na ukatili. Kwa hiyo andika tarehe ya usiku ule na majina ya majirani walioona nguo zikitupwa. Mumeo akikutishia kipigo, usisubiri kikao chochote. Nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Kuhusu nyumba, usitishike. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kupika, kufua na kulea kwako kwa miaka 11 kunahesabika, ingawa kiasi cha mgawo hutegemea ushahidi wa kila shauri na hakuna anayeweza kukuahidi nusu kwa nusu. Aidha, mumeo haruhusiwi kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na ukihisi anatafuta mnunuzi, mwombe msaidizi wa kisheria akuoneshe namna ya kuweka zuio.

Watoto ndio wanaonikosesha usingizi. Sheria inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, isipokuwa pawepo sababu ya kuamua vingine. Kwa huyu mkubwa, mahakama itapima ustawi wake na inaweza kuzingatia matakwa yake. Baba hupaswa kuwatunza wote wawili, wakae kwa yeyote.

Nami ni mtoto wa wazazi walioachana. Nikiwa na miaka 8 nilitumwa kwa baba kudai hela ya unga, na ninakumbuka nilivyoizunguka ile nyumba mara tatu kabla ya kubisha hodi, kwa kuwa nilijua nikirudi mikono mitupu mama atalia, na nikizipata yatafuata matusi kati yao. Nakusihi usimtume mwanao, hata kwa neno dogo, wala usimuulize amekula nini huko wala mwanamke yule anafananaje. Shangazi zake wa upande wa baba, hata kama wamekununia, waache waje kumwona, kwa maana talaka yako haiwahusu watoto na damu yao.

Leo usiku, kabla hajalala, mwambie wewe mwenyewe kwamba baba na mama hawataishi pamoja tena, kwamba yeye hakukosa lolote, na kwamba popote mtakapolala atajulishwa mapema. Usimnyang'anye begi. Kaa naye mpaka apitiwe na usingizi, ufanye hivyo na kesho, na wiki ijayo, mpaka atakapoliweka chini mwenyewe.