Dhahabu inabanduka? Usiisugue

Pole ndugu. Nimekuelewa: umenunua mnadani sanamu ya mbao ya Buddha Amida kutoka Japani, dhahabu inabanduka magotini, shingoni kuna ufa, na unauliza uipake mafuta gani.

Usipake chochote. Chini ya dhahabu hiyo kuna utomvu wa mti wa urushi, nao ndio unaoishikilia. Yangu niliipangusa kwa kitambaa kibichi. Kitambaa kikang'aa dhahabu, sanamu ikabaki na baka jeusi. Hadi leo linanitazama.

Ufa wa shingoni huenda ni kiungo tu kilichoachia. Jocho, mchongaji wa Japani aliyechonga Amida wa hekalu la Byodo-in mwaka 1053, aliunganisha vipande vya mbao vilivyokombwa ndani, na wachongaji wengi wakamfuata. Kichwa mara nyingi huchomekwa. Kwa hiyo gundi ya dukani marufuku, maana mhifadhi (mtaalamu wa kutengeneza sanaa za kale) atashindwa kukifungua, na ndani wakati mwingine mna maandishi.

Isogeze mbali na dirisha na kiyoyozi. Vumbi litoe kwa brashi laini, pale pasipobanduka tu. Vipande vilivyodondoka vitie kwenye bahasha, piga picha hadi chini ya kitako, kisha mtafute mhifadhi anayejua urushi (fundi samani hapana!).

Halafu waulize wa mnadani ilikotoka, wakupe kwa maandishi. Mwaka 2012 wezi waliiba sanamu kisiwani Tsushima, Japani, wakazipeleka Korea Kusini. Kesi ya mojawapo iliamuliwa na mahakama ya juu kabisa huko mwaka 2023.