Adhabu apange jaji au juri?

SWALI: Wakili, salaam. Mwanangu ana miaka 22, ameshitakiwa hapa Dallas kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Anakana kosa, na hajawahi kufungwa. Wakili wake kaleta karatasi: akionekana ana hatia, adhabu apange jaji au wale raia 12 wa juri? Huko nyumbani Tanzania najua adhabu ni kazi ya hakimu tu. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Texas ni moja ya majimbo machache ya Marekani yanayomwachia mshitakiwa uchaguzi huo kwa kesi isiyo ya adhabu ya kifo. Huamuliwa hatia kwanza, adhabu baadaye. Asipochagua juri kwa maandishi kabla raia hao hawajaanza kuteuliwa, adhabu ni ya jaji. Akishatiwa hatiani hageuki tena bila mwendesha mashitaka kuridhia. Karatasi hiyo isilale kabatini.

Nyumbani kosa hilo ni miaka 30 kwenda juu. Hakimu hata akimhurumia mtu, sheria imemfunga mikono. Texas ni miaka 5 hadi 99, au maisha. Hapo katikati panaenea umri mzima wa mtu! Jaji kesi hizo kazizoea, na wakili mwenyeji wa mahakama hiyo anajua kipimo chake. Wale 12 hawana cha kulinganisha. Wanaweza kumwona kama mtoto wao, au wakamfikiria zaidi muuza duka aliyeelekezewa bastola.

Ila kuna jambo wengi hawalijui. Kwa kosa hili, mtu akishatiwa hatiani, jaji haruhusiwi kumpa kifungo cha nje. Juri inaruhusiwa: wote 12 wakikubaliana miaka isiyozidi 10 na wakapendekeza kifungo cha nje, jaji hana budi kufuata. Sharti lake, kabla ya kesi kuanza mwanao aape kwa maandishi kwamba hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, Texas wala jimbo jingine. Hiyo ni karatasi ya pili. Iulizie.

Jaji naye ana njia yake: mshitakiwa akikiri, anaweza kuahirisha kumtia hatiani na kumweka chini ya uangalizi, akimaliza salama, kesi inafutwa. Inavutia, lakini kama mwanao si raia wa Marekani, msikimbilie. Sheria ya uhamiaji inahesabu kukiri huko kuwa ni kutiwa hatiani, hata kama Texas imeshafuta kesi. Muoneni wakili wa uhamiaji kabla hajatamka lolote.

Kwa kijana anayekana kosa na hana rekodi, mimi ningeelekea kwa juri. Lakini kwanza ningemuuliza wakili jaji huyu huwa anatoa miaka mingapi, na nani atapanda kizimbani siku ya adhabu kumsemea mwanao: mwalimu wake, bosi wake, shehe au mchungaji. Wale 12 hawatamjua zaidi ya watakachosikia pale.