Uliza Mchoraji: Mbega Mmoja, Watoto Watatu

*Shikamoo mama. Nimeandika hadithi ya mbega anayeogopa kuruka kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kijana anayenichorea kaniletea sampuli tatu: katuni yenye macho makubwa, picha ya rangi ya maji yenye msitu mzima nyuma, na nyingine ya mtindo wa Tingatinga. Wanangu wana miezi minane, miaka minne na miaka tisa. Mdogo anaikodolea katuni tu, wa kati kang'ang'ania Tingatinga, na mkubwa anasema zote ni za vitoto isipokuwa ile ya rangi ya maji. Nataka kitabu kimoja cha mwaka mmoja hadi kumi ili nisipoteze wateja. Nichague ipi?*
*Mama wa Njiro, Arusha*

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "mwaka mmoja hadi kumi" ndipo ulipojikwaa. Nenda kwa fundi cherehani yeyote hapa Moshi umwombe ashone sare moja ya kuwatosha hao watatu, uone atakavyokutazama. Wanao wamekwisha kukujibu. Mimi nitakueleza tu kwa nini.

Mtoto mchanga huona vizuri kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama yake. Kinachomvuta ni weusi unapokutana na weupe, ndiyo maana hulikazia macho pindo la kanga kuliko mdoli uliomnunulia kwa bei. Akifika miezi mitano rangi anaziona vizuri, lakini bado anataka kitu kimoja kwa wakati. Nadhani mwanao mdogo hakuipenda katuni. Alipenda yale macho mawili makubwa. Na wewe una bahati, maana mbega ni mweusi kwa mweupe tayari. Mweke peke yake, nyuma patupu, kwenye kadi ngumu iliyoviringwa pembe, kwa sababu umri huo kitabu hutafunwa kabla ya kusomwa. Hadithi yako hapo haina kazi. Neno moja kila ukurasa linatosha.

Akishaanza kutaja vitu, anataka kila kitu kiwe kizima. Hili nililipia. Nilipeleka kitabu changu kwenye chekechea moja huko Kibosho, nimechora ng'ombe kichwa tu, mwili umeishia ukingoni mwa ukurasa, na moyoni najiona fundi kwelikweli. Kabinti kakanyoosha kidole: "Nani kamchinja?" Wenzake wawili wakaanza kulia. Tangu siku hiyo, mnyama wangu wa watoto wadogo ana miguu minne na mkia, hata ukurasa ukinibana.

Sasa huyu wa miaka minne. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo wake Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba. Umbo limefungwa, rangi inang'aa, mnyama unamjua kabla hujaambiwa. Mtoto wa miaka minne anapenda hivyo. Kinachonipa wasiwasi ni vile vidoa na majani yanayojaza kila pembe. Mwambie kijana ayapunguze, la sivyo mbega mwenyewe atapotea. Tena umri huu ndio wa kusoma picha wakati wewe unasoma maneno. Usiandike "aliogopa" halafu picha ikarudia hilo hilo. Miguu ing'ang'anie tawi, mikono imkumbatie mama yake, na mtoto wako ndiye akuambie kwamba anaogopa. Uso wa mbega ni mweusi, hofu haionekani kirahisi hapo. Mwili ndio useme. Wachora katuni hukimbilia kumpanulia macho. Mimi huo naita uvivu, ingawa najua wenzangu watanuna.

Mkubwa anataka ukweli. Niliwahi kuchora mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita kwenye migomba, nikakosea mteremko. Mvulana wa darasa la nne, mtoto wa Marangu, akaniuliza bila kutabasamu: "Bibi, haya maji yanapanda?" Kwao wanachimba mifongo, angeachaje kuona? Basi hesabu vidole vya mbega wako. Mbega hana kidole gumba cha kuonekana, na mtoto wake huzaliwa mweupe mtupu. Mtoto wa miaka tisa akiligundua hilo mwenyewe, msituni kwenye picha yenye mambo mengi, hatakiachia kitabu. Mpeleke kijana wako Hifadhi ya Taifa ya Arusha, upande wa Ngurdoto; mbega wapo. Ni karibu na kwenu kuliko anavyodhani.

Ushauri wangu: mchague wa kati, na Tingatinga yake. Hadithi yako ya woga na kuruka ni ya miaka minne hadi saba. Panga kurasa 24 au 32, maana karatasi ya kitabu hukunjwa na hesabu lazima igawanyike kwa nne. Ukileta 27 utalipia ukurasa mtupu. Mdogo mtengenezee kadi sita za nyumbani kwa wino mweusi. Mkubwa mpe daftari achore mbega wake mwenyewe, halafu mkae mbali.

*Mama, mwanangu yuko darasa la pili na bado anakimbilia vitabu vya picha. Baba yake anasema atadumaa. Tumnyang'anye?*
*Msomaji, Himo*

Msimnyang'anye. Mwambieni afunike maneno kwa kiganja, awasimulie anachokiona, kisha afunue asome kama ndivyo kilivyoandikwa. Mara nyingi atagundua mchoraji na mwandishi hawakuelewana, na atacheka sana. Na huyo baba, mwangalie siku moja gazeti anaanza kulisoma ukurasa gani. Wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaanza na katuni.