Maswali ya Wasomaji: Kurusha Mafaili Kati ya Simu na Kompyuta Bila Waya

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia sehemu moja: picha ziko kwenye simu, kazi iko kwenye kompyuta, na waya wa USB umelegea au haujulikani ulipo. Nimechagua sita. Pale wengi wanapokwama nimekaa zaidi.

Habari za kazi fundi. Nyumbani tuna laptopu moja ya Windows na simu tatu za Android, wote tuko kwenye waifai moja. Nikitaka picha itoke kwenye simu najitumia mwenyewe kwenye apu ya kuchati halafu naifungulia kwenye laptopu. Inafika, ila nikiiprinti inakuwa na ukungu, na bando linakwisha. Hamna njia ya kurusha moja kwa moja? (Mama wa watoto wawili)

Njema mama, na nashukuru umeuliza, kwa sababu naumia sana nikiona watu wanaharibu picha za watoto wao bila kujua. Ukituma picha kawaida kwenye apu ya kuchati, apu inaibana kwanza ili ipite haraka, yaani picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti kadhaa inafika upande wa pili ikiwa na kilobaiti mia kadhaa tu. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti, lakini ikuze au iprinti ndo utaona nywele za mtoto zimekuwa doa moja jeusi. Halafu angalia na safari yenyewe: picha imetoka sebuleni, imeenda mpaka kwenye seva huko mbali, imerudi sebuleni hapo hapo, na wewe umelipia kwenda na kurudi.

Ruta yako inaunganisha vifaa vya humo ndani vyenyewe kwa vyenyewe, intaneti ni mlango mmoja tu wa kutokea nje. Hata siku bando limekata, kama ruta ina umeme basi simu na laptopu bado zinaonana, na mafaili yanapita bila kula hata kilobaiti moja ya bando.

Kwa kurusha kitu mara moja moja mi napendekeza LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, ipo ya Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Iweke kwenye laptopu na kwenye simu zote, ifungue pande zote mbili, kila kifaa kitajitokeza na jina la kubuniwa, libadilishe uandike "simu ya mama" ili msichanganyane, chagua picha, gusa jina la laptopu, na upande wa laptopu mtu akubali. Picha inafika nzima kama ilivyopigwa. Simu nyingi za Android zina pia Quick Share humo ndani tayari, ndo ile iliyokuwa inaitwa Nearby Share mpaka mwanzoni mwa 2024, na kuna programu yake ya kuweka kwenye Windows.

Lakini kama kila wiki unahamisha picha, shea folda kabisa, maana ukishaipanga mara moja imeisha. Kwanza fungua akaunti ya pili kwenye laptopu kwa ajili ya simu tu, ipe jina fupi na paswedi ya kueleweka. Halafu tengeneza folda mpya, tuseme "Picha", nakuomba usishee diski nzima ya C. Raiti kliki kwenye folda, ingia "Properties", kisha "Sharing", bonyeza "Share", ongeza ile akaunti mpya na uchague "Read/Write" kama unataka simu ziweze kuweka picha humo, maana ukiacha "Read" zitaangalia tu. Baada ya hapo fungua lile dirisha jeusi la amri, Command Prompt, andika ipconfig, bonyeza enta, tafuta mstari wa IPv4, utakuta namba kama 192.168.1.14, hiyo ndo namba ya IP, yaani anwani ya laptopu kwenye mtandao wa ndani, iandike kwenye karatasi. Kwenye simu weka apu ya mafaili inayoingia mtandao wa ndani, kwa mfano CX File Explorer au Solid Explorer, nenda sehemu ya mtandao, chagua SMB, weka ile namba, jina la akaunti na paswedi. Folda yako itatokea kwenye simu kama vile iko humo humo. SMB ndo lugha ambayo Windows inaitumia kugawana mafaili, Mac nayo inaijua, na Linux inaiongea kupitia Samba ambayo ipo tangu 1992, kwa hiyo kompyuta yoyote utakayoongeza baadaye itaelewana na hizi.

Fundi nimeshea folda kama watu wanavyoelekeza ila simu inasema paswedi siyo sahihi, na ni hiyo hiyo nafungulia laptopu kila asubuhi, namba nne. Simu ya mke wangu ndo haioni laptopu kabisa. Siku mbili sasa, nimechoka. (Msomaji aliyechoka)

Pole sana ndugu yangu. Hapo kwenye "namba nne" ndo pana jibu, na siyo wewe peke yako, nadhani hili linawakwamisha watu kuliko jambo lingine lolote. Hizo namba nne ni PIN, na PIN inafungua laptopu hiyo tu ukiwa umekaa mbele yake. Mtu anayekuja kupitia mtandao Windows inamdai paswedi yenyewe ya akaunti. Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft basi jina ni ile imeili yako na paswedi ni ya akaunti hiyo ya Microsoft, ambayo pengine uliiandika mara ya mwisho siku unanunua laptopu. Na kama akaunti haina paswedi kabisa Windows inamkatalia mgeni wa mtandaoni, ndo ilivyowekwa tokea mwanzo. Ndiyo maana namshauri kila mtu afungue ile akaunti ya pili, unaandika paswedi mpya unayoikumbuka na ugomvi unaisha.

Simu ya shemeji nayo tuichunguze taratibu. Anza na laptopu: ingia kwenye setingi za mtandao, bonyeza jina la waifai yako, angalia imechaguliwa "Public" au "Private". Siku ya kwanza unajiunga waifai mara nyingi Windows inaiweka "Public", maana yake inajificha kama vile iko sehemu ya watu wengi isiyowaamini, na inafanya vizuri kabisa ukiwa stendi au hotelini. Nyumbani weka "Private". Wengi tatizo lao linaishia hapo hapo.

Bado? Chukua simu yake, gusa jina la waifai uone namba yake ya IP. Laptopu ikiwa 192.168.1.14 na simu 192.168.1.23, ziko nyumba moja, sehemu tatu za mwanzo zinafanana. Lakini ukikuta simu ina 192.168.0.23 au 10 kitu fulani, basi hiyo simu iko mtandao mwingine, labda imeshika ruta ya pili au ile waifai ya wageni, na waifai ya wageni kazi yake ni kuzuia vifaa visionane. Angalia pia kama simu ina VPN imewashwa, yaani apu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali, izime ujaribu tena. Na kama laptopu ina antivairasi ya kununua huenda ina ukuta wake wenyewe tofauti na wa Windows, ingia humo uiambie kwamba mtandao huu ni wa nyumbani.

Kuna na jambo ambalo sitaki ulifanye hata kama umechoka namna gani. Utakutana na maelekezo yanasema washa SMB 1 ndo simu itaona. Usiwashe. Hiyo ni lugha ya zamani, na kirusi cha WannaCry kilichofunga kompyuta dunia nzima Mei 2017 kilipita kwenye tundu la humo humo. Kuanzia Windows 10 za mwishoni mwa mwaka huo, Microsoft ilianza kuiondoa. Kama apu ya simu inaitaka, basi apu hiyo ni ya kizamani, tafuta nyingine.

Na ikikubali leo halafu kesho ikagoma, usianze upya. Aidha laptopu imelala, maana ikilala folda nayo inapotea, au ruta imeipa namba nyingine ya IP. Kwenye ruta nyingi kuna sehemu ya kuifungia laptopu namba moja isibadilike, tafuta neno "DHCP", utaipata huko huko.

Kwanini video moja inachukua saa zima na waifai yangu imeandikwa megabiti 150? (Mpiga video wa harusi)

Kwanza hakikisha unatumia waifai kweli, siyo Bluetooth. Bluetooth ya kawaida ikijitahidi inapitisha megabiti 2 hivi kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti moja ni zaidi ya saa. Pili hizo 150 ni biti, siyo baiti, gawanya kwa 8 unapata megabaiti kama 19 kwa sekunde, na hiyo ni ya kwenye boksi. Tatu, hili wengi hawalijui: laptopu na simu zote zikiwa kwenye waifai, faili linasafiri hewani mara mbili, kutoka simu mpaka ruta, kutoka ruta mpaka laptopu, na hewa ni ile ile moja, wanapokezana kama watu wawili kwenye kijia chembamba. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya wa mtandao, simu ibaki hewani, utaona kasi inakaribia kuwa mara mbili. Mi nimeshaona watu wananunua ruta mpya wakati waya ungetosha.

Ruta yako ikiwa na mawimbi ya 5GHz, ingiza simu huko na kaa karibu, maana 5GHz ina kasi ila haipendi kuta. Na ukiona video kubwa inagoma, angalia unaipeleka wapi. Kadi ya memori au fleshi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, hata nafasi ikiwepo tele. Ifomati exFAT, baada ya kutoa vilivyomo bila shaka.

Shikamoo fundi. Mi natumia iPhone na kompyuta ya nyumbani ni Windows, wenzangu wanasema haiwezekani. (Mwanafunzi)

Marahaba mdogo wangu. Inawezekana, na huhitaji hata apu mpya. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019 apu ya Files ina sehemu ya kuunganisha seva: shea kwanza folda kwenye kompyuta kama nilivyomweleza mama hapo juu, halafu ifungue, gusa vile vidoti vitatu juu, chagua "Connect to Server", andika smb://192.168.1.14 ukiweka namba ya kompyuta yenu, halafu jina na paswedi. AirDrop, ile njia ya Apple ya kurushiana mafaili, ndo hutaipata, Windows haina. Ukitumia LocalSend itakuuliza ruhusa ya mtandao wa ndani, kubali, kwa sababu ukikataa haitaona kifaa hata kimoja na utadhani imeharibika. Picha zikifika zinaishia na HEIC, fomati ya picha za iPhone, na kompyuta ikashindwa kuzifungua, ingia setingi za kamera, kwenye fomati chagua ile inayokubalika kwingi, zinazofuata zitakuwa JPEG.

Sina ruta, natumia hotspoti ya simu. Nikirusha mafaili bando litakatwa? (Msomaji)

Halikatwi. Hotspoti inaigeuza simu yako kuwa ruta, na faili linalotoka kwenye simu hiyo kwenda laptopu haligusi mnara kabisa. Kinachokula bando ni laptopu yenyewe, ikishaona intaneti inaanza kushusha apdeti zake kimya kimya. Simu nyingi za Android zinakubali hotspoti hata data ikiwa imezimwa, kwa hiyo zima data, washa hotspoti, rusha mafaili yako ukimaliza washa data. Mambo mengine yote ni kama niliyoeleza juu.

Waifai yetu tunatumia na wapangaji wenzetu. Nikishea folda si watasoma mambo yangu? (Mwenye wasiwasi)

Wasiwasi wako uko sawa kabisa dada au kaka. Ukishea kwa "Everyone" na ukazima kinga ya paswedi, ndiyo, yeyote aliye kwenye waifai hiyo atafungua. Kwa hiyo shea kwa ile akaunti moja tu, kinga ya paswedi iache imewashwa, vyeti na mikataba visikae kabisa kwenye folda hiyo. Kwenye mtandao wa kuchangia hivyo mi ningeiacha folda ya kudumu nikabaki na LocalSend, maana unaifungua ukitaka na ukimaliza unaifunga. Kuna apu za mafaili zinazogeuza simu kuwa seva ya FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, ni rahisi lakini FTP ya kawaida inapitisha paswedi na mafaili wazi bila kuficha, usiitumie hapo. Na mtu akikwambia ufungue poti 445, ule mlango ambao SMB inapitia, kwenye ruta ili uipate folda yako ukiwa safarini, kataa, hapo unakuwa umeufungulia mlango ulimwengu mzima.

Ukiwa unahamisha picha chagua kunakili, usichague kukata. Mwaka mmoja nilikata picha za msiba wa kwetu kutoka kwenye simu kwenda laptopu, katikati umeme ukakatika, ruta ikazima, na picha kumi na kitu zikawa hazipo huku wala kule, mpaka leo. Nakili, fungua mbili tatu upande wa pili uone zinafunguka kweli, ndo ufute kwenye simu.

Na leo jioni fanya hivi: kwenye laptopu fungua File Explorer, pale juu kwenye anwani andika \\localhost ubonyeze enta. Itakuorodheshea folda unazoshea sasa hivi. Ukikuta ambayo huikumbuki, itafute folda yenyewe kwenye diski ya laptopu, raiti kliki, "Properties", "Sharing", ingia "Advanced Sharing" uondoe tiki.