Wifi anasema namlisha mwanangu sumu

SWALI: Shikamoo Dokta. Mwanangu ana miezi saba na ameanza kula. Wifi yangu hununua vyakula vya kilimo hai peke yake, yaani vinavyolimwa kwa kuepuka mbolea na dawa za kemikali za viwandani, na kila akinikuta naponda karoti za kawaida husema namlisha mtoto sumu. Nikimfuata yeye, hela ya mboga na matunda inakatika katikati ya wiki, tunabaki na uji mtupu. Je, vyakula vyake vina afya zaidi?
Mama wa Karoti

JIBU: Marahaba, mwanangu. Endelea kuponda karoti zako.

Kwa upande wa virutubishi, wifi yako hana la kujivunia sana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200 wasione tofauti ya maana katika vitamini. Mwaka 2014 timu ya Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ilipitia machapisho 343 ikaona mazao ya kilimo hai yana antioksidanti (viambata vinavyodhaniwa kukinga seli za mwili) nyingi zaidi na kadimiamu, ambayo ni metali yenye sumu, kidogo zaidi. Sawa, lakini hapo kilichopimwa ni mazao. Afya ya mlaji ni habari nyingine.

Nayo ina utata wake. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018, uliofuatilia watu karibu 69,000, ulikuta saratani chache zaidi kwa waliokula sana vyakula vya kilimo hai. Utafiti mwingine wa Uingereza, nao wa 2014, wenye wanawake zaidi ya 600,000, haukuona saratani kwa jumla ikipungua. Tena wanunuzi wa vyakula hivi mara nyingi wana kipato kizuri, hawavuti sigara na hufanya mazoezi. Utajuaje kilichowakinga ni karoti?

Anapopatia wifi yako ni kwenye mabaki ya viuatilifu: vyake huwa navyo kidogo zaidi. Ila kidogo si sifuri, na hata mkulima wa kilimo hai huruhusiwa dawa kadhaa, zikiwemo za pareto na za shaba. Halafu kiwango salama cha kumeza kila siku kwa kawaida huwekwa mara 100 chini ya kile ambacho hakikuwadhuru wanyama wa maabara. Kuiita karoti yako sumu ni kukuonea tu.

Mimi nikinunua vya kilimo hai, huwa namfikiria zaidi yule anayebeba bomba la kupulizia dawa mgongoni. Dawa humfikia yeye kwa wingi kuliko sisi walaji.

Vyote vioshwe, hata vyenye cheti cha kilimo hai. Mwaka 2011 Ujerumani, mbegu zilizochipushwa kwenye shamba la kilimo hai zilisambaza bakteria walioua watu zaidi ya 50. Osha karoti kwa maji safi yanayotiririka, isugue, imenye, uipike hadi ilainike. Usitumie sabuni.

Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni huo uji mtupu. Kuanzia miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto haimtoshi tena, na maziwa ya mama, uendelee kumpa, hayana chuma ya kutosha kuziba pengo. Hela ambayo ungeongeza kwenye karoti za wifi, nunulia nyama au maini kidogo, mayai na maharage, uvipike viive kabisa na kuviponda vizuri. Wifi akija tena, mpe kijiko amlishe.